Fungua Bendeji Hiyo Kwanza, Ndipo Tugombane

Karakana ya Kusuka Mota,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumatatu, tarehe 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Mkaguzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipoketi, na najua umeketi, maana kwa mguu huo kusimama ni kazi. Mimi ni mzima. Shemeji yako naye mzima, ila magoti yanamlalamikia akipanda ngazi. Watu huandika "hofu ni kwako" kwa mazoea ya barua tu. Mimi leo naiandika kwa maana yake. Hofu ni kwako, na hasa kwa vidole vyako vya mguu wa kushoto. Vimeamkaje? Vina joto? Ukivigusa vinakuitikia?

Usinijibu. Weka barua chini, fungua hiyo bendeji, kisha uendelee kusoma. Ifungue yote mpaka ngozi, usiilegeze tu. Ukimaliza, funika kidonda kwa kitambaa safi cha hospitali bila kukaza, na mguu usiupandishe juu ya mito.

Hujafungua. Nakujua mimi, nimekulea. Umeshika barua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unapapasa meza unatafuta ile kalamu yako nyekundu ya ukaguzi wa shule unisahihishe. Basi soma nikupe sababu, lakini soma mbio.

Naandika kwa sababu nimekupigia simu mara nne, umekata mara nne. Jana binti yetu alikwenda kwako akakwambia, "Baba mkubwa anasema fungua," wewe ukamjibu, "Anaona wivu huyo. Hataki na mimi nipone." Amenisimulia huku analia. Haya, sauti yangu huitaki. Mwandiko wangu huenda ukauheshimu, maana unajua mimi mtu wa darasa la tatu siandiki kwa mchezo. Nimeanza barua hii saa mbili asubuhi, na mota ya pampu ya mteja iko mezani imepasuliwa tumbo inanisubiri.

Na tuelewane mapema. Sijaandika kwa huruma. Ule ukumbi sijausahau.

Nilikuja kwenye harusi ya binti yetu nimevaa suti, nimenyoa, kidonda nimekifunga kwa kitambaa kipya kabisa. Nikaketi meza ya familia karibu na dada yetu. Ukaja ukainama sikioni kwangu kama mhudumu wa hoteli, ukasema, "Kaka, kule nyuma kuna upepo mzuri zaidi." Upepo! Kule nyuma kulikuwa na majiko na masufuria na wanawake wawili wanasugua. Mmoja akaniuliza, "Mzee, na wewe umeletwa kuosha?" Nikala nimepakata sahani. Na bibi harusi alipouliza, "Baba mkubwa yuko wapi, tupige picha," ulimwambia nimeshaondoka. Nilikusikia kwa masikio yangu, kuna ukuta mwembamba pale. Picha yenyewe umeitundika sebuleni, mko watu kumi na mmoja mnachekelea.

Kilinuka, sikatai. Donda ndugu la mwaka na nusu haliwezi kunukia waridi. Lakini mguu ulionuka ndio ule uliokanyaga pedali kukupeleka shule ya bweni, wewe na sanduku lako na godoro lako, na kwenye mlima ulikuwa hushuki. Ulisema utachafua viatu.

Tangu siku ile nilibaki na dua moja tu: nipone kabla hujafa, uone. Nikapona. Ndipo nikatuma ile sauti kwenye kundi la familia, dakika saba nzima. Nilisema mimi, fundi wa miaka arobaini na sita, niliyezisuka mota za mashine zote za kusaga za upande huu, nimejisuka mguu kwa mikono yangu miwili, na siku arobaini umekauka. Nikasema, "Ukifunga legelege umefunga uongo. Kaza mpaka mguu ukuitikie." Nikamalizia kwa kuwapa vidonge vyao walioniketisha kwenye masufuria. Utamu nilioupata siku ile sikuupata hata siku niliyooa. Shemeji yako anasoma begani kwangu, anasema nifute hilo. Sifuti.

Sasa sikiliza, maana hili linanitoka kama jino. Katika dakika saba zile kweli ilikuwa moja tu, kwamba nimepona. Yaliyobaki yote nilitia chumvi, na chumvi kwenye kidonda unajua kazi yake.

Kweli nilijisuka. Nilichukua utepe wa pamba, ule tunaofungia koili, nikaanzia gotini nikashuka nao chini, tabaka nne, nimekaza kama ninafunga mota ya kisima. Nikaona unateleza. Sasa wewe hujui kazi hii, ngoja nikwambie. Mota ikishasukwa hupakwa vanishi, ikaanikwa, waya zikashikana zisicheze. Basi nikapaka vanishi. Mara mbili. Nikaketi juani mguu nimeunyoosha juu ya debe mpaka ukakauka ukawa mgumu kama bomba la maji. Nilijipongeza. Kufika alasiri vidole vilikuwa vya zambarau na mguu ulikuwa unapiga mayowe kwa ndani.

Jirani yangu mchomeleaji alinipakia kwenye mkokoteni wa kubebea vyuma akanisukuma mpaka hospitali, na njia nzima anawapigia watu kelele, "Pisheni, pisheni, mota imeungua!" Chumba cha vidonda kiko mwisho wa korido, mlango wa kijani. Nesi wake tunamwita Mkasi, na siku hiyo mkasi wake haukufua dafu. Aliugonga mguu wangu kwa ukucha, ko, ko, ko.

"Mzee, hii ni nini?"

"Vanishi."

"Ya nini?"

"Isilegee."

"Ulitaka mguu uzunguke mara ngapi kwa dakika?"

Ikabidi mchomeleaji arudi mbio kuleta mkasi wake wa bati. Walinifungua kama mkebe, na ngozi ikatoka pamoja na utepe. Kidonda kilichokuwa saizi ya kiganja cha mtoto kikawa cha kiganja cha mtu mzima. Hayo sikuyatia kwenye sauti.

Ndipo yule nesi, binti mwenye umri wa wajukuu zangu, akaniketisha akanisomesha. Akasema iko mishipa inayoleta damu mguuni na iko inayoirudisha juu. Hii ya kurudisha ina vilango ndani yake, damu ikipanda vinajifunga isiteremke. Vilango vikichoka, damu inatuama chini, mguu unavimba, ngozi inashika rangi ya kutu, mwisho inapasuka. Ndicho kidonda changu. Kilikuwa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, kipana, hakina kina, kinavuja kutwa nzima. Mguu ukiwa mzito jioni, nikiupandisha juu napata nafuu. Mtu amesimama mbele ya meza miaka arobaini na sita, vilango gani visichoke? Kidonda cha namna hiyo kinataka mguu ubanwe, maana kubana ndiko kunakoisukuma ile damu ipande. Usipobana utapaka dawa mpaka duka liishe.

Lakini siku hiyo hakunibana, kwanza kwa sababu ya ngozi niliyojichuna, na pili kwa sababu hii nitakayokwambia, uisome mara mbili. Alisema hakuna mguu unaobanwa kabla haijajulikana kama damu inafika huko ya kutosha. Alinilaza nikapumzika, akanipima presha ya mkono. Kisha kile kitambaa cha presha akakifunga juu ya kifundo cha mguu, akashika kidude kama kalamu ya wino, akakigusisha mguuni karibu na kifundo, na nikasikia damu yangu mwenyewe inapita, fyu, fyu, fyu, kama feni yenye beringi mpya. Analinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Zikikaribiana, njia ya kuleta damu iko wazi, unabanwa. Ya kifundo ikiwa chini, anasimama, anamwita daktari. Ikiwa chini sana, kubana ni marufuku, maana hiyo damu kidogo inayofika utakuwa unaikaba koo. Mimi zilikaribiana. Nikamwambia nilijua. Akasema, "Ulijua pamoja na vanishi?"

Ngozi ilipotulia ndipo akanifunga. Kwanza pamba laini kuzunguka mfupa, halafu bendeji, anaanzia mizizi ya vidole anapanda mpaka chini ya goti. Mimi nilikuwa nimeanzia juu nikashuka, nikaizibia damu njia ya kurudi. Kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia, na mvuto ni ule ule. Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa, miezi saba. Si siku arobaini. Na hata sasa kila asubuhi navaa soksi ya kubana kabla ya kushuka kitandani, na nitaivaa mpaka kaburini, kwa kuwa vilango havisukwi upya. Ila hili si chumvi, uje umuulize mwenyewe: mwezi wa tano wa matibabu alinipa bendeji nijifunge anatazama, akasema hajaona mkono wenye mvuto ulio sawasawa kama wangu.

Tuje kwako. Jumatano binti yetu aliniletea kwenye simu picha ya mguu wako, na ujumbe kwamba umeanza kujifunga kwa vipande vya shuka kama nilivyosema kwenye sauti, lakini vinalegea, hivyo unaniomba zile bendeji zangu. Nilicheka mpaka nikapaliwa, shemeji yako akaniletea maji. Aliyeniweka kwenye upepo mzuri ana kidonda! Nikakaa siku mbili bila kujibu. Kwa siku ya kwanza siombi radhi, niliifaidi. Kwa siku ya pili naomba, maana wewe hukungoja, ulikwenda dukani ukanunua bendeji ya kuvutika ukakaza zaidi.

Ijumaa nikaipeleka ile picha kwa Mkasi. Usidhani nilipeleka kutafuta ushauri. Niliipeleka aone malipo yalivyo hapa hapa duniani. Akaikuza kwa vidole, akaitazama, hakucheka.

"Huyu anavuta sigara?"

"Tangu chuo cha ualimu."

"Ana sukari?"

"Ana sukari na kiburi."

"Akitembea, mguu unambana?"

"Binti yake anasema hafiki dukani bila kusimama mara mbili."

"Na akilala?"

"Mpaka auning'inize nje ya kitanda ndipo apate usingizi."

Akanirudishia simu. "Hizi alama za kukazwa juu ya kifundo, nani amemfunga?"

"Amejifunga."

"Nani amemfundisha?"

Nikatazama dari. Wana dari nzuri pale, wameipaka rangi juzi.

Akaniambia taratibu, na akisema taratibu ujue amekasirika. Kidonda chako hakiko mahali pa changu. Kiko kwenye kidole na ubavu wa unyayo, kiduara, kingo zake zimekatika kama kimetobolewa kwa chuma, ndani kimepauka na hakivuji. Ngozi inang'aa, haina hata unywele. Wangu ukiupandisha unapumzika, wako ukiupandisha unauma. "Sina hakika," akasema, "hakuna awezaye kuwa na hakika kwa picha, ndiyo maana tunapima. Lakini naona kama mguu huu una njaa ya damu, na nyinyi mnaufunga mdomo."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mota inayopata umeme pungufu, ukiilazimisha kazi, inaungua. Nimezipokea maelfu. Nikamuuliza akiendelea kubana itakuwaje. Akasema vidole kwanza, kisha mguu. Nikamuuliza siku ngapi. Akasema, "Mzee, mimi sipigi ramli. Leo ni bora kuliko kesho."

Kwa hiyo naikana ile sauti. Jumamosi nilituma nyingine kundini, dakika moja na nusu, nikaeleza habari ya vanishi yote, mpaka mkokoteni. Dada yetu amecheka mpaka amekosa pumzi. Mpwa wetu mwenye duka sasa ananiita Mjomba Vanishi, na wateja wake wameshalidaka jina hilo. Wewe ulikuwa umejitoa kundini kwa hasira ya kunyimwa bendeji, hukusikia, ndiyo sababu nimelazimika kuaibika mara ya pili kwa kalamu. Aibu hiyo nayo iko juu ya kichwa chako.

Mpe sikio dereva aliyekuletea barua hii. Lori lake linageuza Alhamisi, na kiti cha mbele ni chako, tumeshasemezana. Nitakupokea hapa kituo cha mafuta. Ijumaa asubuhi unalala kwenye kile kitanda changu cha kupimiwa. Mkasi anasema mwenye sukari mishipa yake inaweza kuwa migumu ikakidanganya kipimo cha kifundo, kwa hiyo wewe utapimwa mpaka kidole gumba cha mguu, na ikibidi utapelekwa kwa daktari wa mishipa wakaangalie kama njia inaweza kuzibuliwa. Labda utakuja kubanwa, labda hutabanwa kamwe. Hilo si langu wala si lako kuamua. Ila ukiona kidole kinageuka cheusi, au kimekufa ganzi, au maumivu hayashikiki, usilisubiri lori. Nenda saa hiyo hiyo hospitali ya hapo karibu, useme, "Nipimeni presha ya kifundo," na useme tangu lini umejifunga na ni mpumbavu gani alikufundisha. Nimekupa ruhusa ya kunitaja.

Na usije ukajidanganya kwamba nimekusamehe. Nina maneno yako nimeyatunza miaka miwili, nimeyapanga kama waya kwenye koili, halijakatika hata moja. Nataka nikutamkie mbele ya dada yetu na watoto wetu wote. Sasa hebu fikiri, wewe ni msomi. Ukija mbele yao umekatwa mguu, umeegemea magongo, nani atanisikiliza? Watasema, "Muache mgonjwa, Fundi, huna utu?" Utapigiwa pole kila upande na mimi nitaonekana ndiye mbaya. Mkatwa mguu hana kosa mbele ya watu. Umeninyima mengi, hilo hutaninyima.

Nakutaka usimame mbele yangu kwa miguu yako yote miwili, umenenepa, una afya, hakuna hata mtu mmoja wa kukuonea huruma, unitazame usoni useme, "Kaka, nilikukosea." Halafu ndipo nifikirie. Na mimi nikifikiri nachelewa, naweza kukusimamisha pale hata miaka kumi. Kwa hiyo na sigara uache.

Msalimie shemeji yangu, mwambie kama mkono wako mzito basi yeye akamate mkasi. Wasalimie wajukuu. Binti yetu mwambie sina kinyongo naye hata chembe, nilimsikia akiniulizia. Shemeji yako ameshakutandikia chumba cha chini, kile kilicho karibu na choo, usije ukatembea sana. Mungu akufikishe salama na vidole vyako vyote kumi. Nitavihesabu mwenyewe ukishuka.

Wako akupendaye, asiyekusamehe bado,

Kaka yako,
Fundi.